Kuchunguza Damu na Usafiri wa Oksijeni kwa Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo: Mwongozo kwa Walimu na Wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Somo la damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo hufundishwa mara nyingi kama orodha ya rangi: nyekundu kwa nyungunyungu, buluu kwa kaa, na isiyo na rangi kwa wadudu. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo na kujibu mtihani, lakini akiulizwa kwa nini panzi anayeruka kwa nguvu hana hemoglobini (protini nyekundu inayobeba oksijeni) katika damu yake ilhali buu lililolala matopeni limejaa hemoglobini, hukwama. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine. Kwa kila mnyama tunauliza kwanza oksijeni inaingilia wapi na inafikaje kwenye misuli, kisha tunatazama kimiminika kinachozunguka mwilini, na rangi tunaiacha iwe ya mwisho. Wanyama wa hatua kuu wanapatikana Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa bila gharama, na hakuna hatua inayohitaji kumpasua mnyama aliye hai.

Hesabu ya hewa na maji

Kabla ya kukamata mnyama yeyote, wanafunzi wapewe hesabu ifuatayo, kwa kuwa mengi watakayoyaona baadaye yanatokana nayo. Lita moja ya hewa ya usawa wa bahari, katika nyuzi 20 za Selsiasi, ina takriban miligramu 280 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji ya joto hilo hilo iliyoshiba hewa ina takriban miligramu 9 tu. Zaidi ya hayo, oksijeni husambaa ndani ya hewa kwa kasi inayokaribia mara 10,000 ya ile ya ndani ya maji. Mnyama anayeweza kuifikisha hewa yenyewe hadi jirani na seli zake hana haja kubwa ya damu ya kubebea oksijeni. Yule anayelazimika kuipitisha oksijeni katika kimiminika, na ambaye mwili wake ni mnene kuliko milimita moja hivi, hawezi kutegemea kusambaa peke yake. Anahitaji kimiminika kinachosukumwa, na mara nyingi anahitaji pia protini ya kuikamata oksijeni.

Mwinuko nao una nafasi yake. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo la hewa ni kama asilimia 81 ya lile la pwani, kwa hiyo maji ya huko yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Ukishuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ni kubwa zaidi, lakini maji nayo ni ya moto zaidi, na maji yenye nyuzi 28 hushika karibu kiasi kile kile cha miligramu 7.4. Ni kawaida kusikia kwamba viumbe wa maji wa milimani wana dhiki ya oksijeni kwa sababu ya mwinuko. Hesabu inaonyesha kwamba baridi hufidia pengo hilo, na asubuhi ya Julai, kijito cha Mbeya kikiwa na nyuzi 12, maji yake hushika oksijeni nyingi kuliko ya Kyela. Dhiki ya kweli, huko juu na huko chini, iko matopeni, ambako bakteria wanaoozesha majani huimaliza oksijeni kabla haijafika mbali.

Vifaa na mahali pa kutafuta

Andaa sahani mbili nyeupe, bakuli au gilasi za kioo, chujio la chai, lenzi ya mkono, tochi ya simu, kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, bomba la sindano lisilo na sindano, na glavu za mpira. Hadubini ikipatikana, ukuzaji wa mara 40 unatosha kabisa. Tumia maji ya mvua au ya kisima. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kutumiwa, la sivyo wanyama wadogo watakufa na wanafunzi watadhani wamekufa kwa kukosa oksijeni.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, hurahisisha kazi. Nyungunyungu hupatikana chini ya majani makavu ya migomba ya Rungwe na katika samadi iliyopoa. Kiangazi kikiingia, nenda bondeni kwenye vinyungu, yaani bustani za mabonde yenye unyevu, ambako udongo hubaki na unyevu hata miezi ambayo mashamba ya juu yamekauka. Viluwiluwi wa mbu na mabuu mekundu utawapata kwenye pipa la zamani lililokinga maji ya paa, mradi lina tope na majani chini. Viroboto-maji, vijidudu vidogo vya maji viitwavyo Daphnia, hukaa katika mabwawa ya samaki na madimbwi yenye maji ya kijani.

Hatua ya kwanza: nyungunyungu

Lowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu nyungunyungu hupumua kwa ngozi yake yote, na ngozi hiyo hupitisha oksijeni ikiwa na majimaji tu. Mwoshe taratibu, mlaze kwenye sahani yenye tabaka jembamba la maji, na umfunike kwa kipande cha kioo kisicho na uzito mkubwa ili asizunguke ovyo. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa juu.

Utaona mstari mwekundu uliokolea ukipita katikati ya mgongo. Huo ni mshipa wa mgongoni, na katika mnyama huyu wenyewe ni pampu. Tafuta mkanda mnene wa ngozi, ambao uko karibu zaidi na upande wa kichwa, kisha tazama mstari ule sentimita chache nyuma ya mkanda. Subiri. Mstari utakonda, utanenepa, na mnyweo utasafiri kutoka upande wa mkia kwenda kichwani. Karibu na kichwa damu huteremshwa na jozi za mishipa minene inayodunda, ambayo vitabu huiita mioyo. Kwa nyungunyungu wa Ulaya, Lumbricus terrestris, ni jozi tano, lakini jamii za Afrika si lazima ziwe na idadi hiyo, hivyo usimkosoe mwanafunzi kwa jambo ambalo hakulihesabu mwenyewe. Kisha damu hurudi nyuma kwa mshipa wa tumboni. Haitoki nje ya mishipa. Huu ndio mzunguko uliofungwa.

Mwanafunzi mmoja ahesabu minyweo inayopita mahali pamoja kwa dakika nzima, mwingine ashike saa. Rudieni mara tatu. Usishangae kupata mapigo machache mno kuliko ya kifundo cha mkono wako. Baada ya hapo weka sahani juu ya beseni la maji ya nyuzi 15, kisha 20, kisha 25, ukimpa mnyama dakika tano kila mara azoee, na usivuke nyuzi 30. Kwa wanyama wengi ambao joto la mwili wao hufuata la mazingira, mapigo hukaribia kuwa maradufu joto linapopanda kwa nyuzi 10. Anayefundisha Makete au Njombe mwezi Juni ana bahati: kipindi cha kwanza cha asubuhi humpa baridi bila barafu.

Rangi nyekundu inatokana na hemoglobini, yenye chuma kama yetu, lakini imepangwa kwa namna tofauti kabisa. Hemoglobini yetu imo ndani ya chembe nyekundu za damu, na molekuli moja ina minyororo minne ya protini. Ya nyungunyungu huelea wazi katika majimaji ya damu, na molekuli moja ni dude lenye minyororo zaidi ya 140, uzito wake ukiwa zaidi ya mara 50 ya molekuli yetu. Ukubwa huo una sababu. Molekuli ndogo zikielea wazi kwa wingi hupenya kuta za mishipa na kupotea, na pia huvuta maji mengi kuingia kwenye damu. Kuziunganisha katika furushi moja kubwa huondoa matatizo yote mawili.

Hatua ya pili: pipa moja, mabuu ya aina mbili

Kama mwalimu ana kipindi kimoja tu, binafsi ningemshauri aache mengine yote afanye hatua hii. Chota maji ya juu ya pipa kwa gilasi, kisha chota tope la chini na ulipitishe kwenye chujio la chai ndani ya beseni. Kwenye gilasi kutakuwa na viluwiluwi wa mbu. Kwenye chujio, tope likishaoshwa, kutabaki mabuu membamba yenye urefu wa sentimita moja hivi, mekundu, yakijikunja upande huu na upande ule. Haya ni mabuu ya vijidudu vinavyofanana na mbu lakini visivyouma. Weka aina zote mbili kwenye sahani moja nyeupe.

Waulize wanafunzi swali la kwanza tu: oksijeni inaingilia wapi? Kiluwiluwi atajibu mwenyewe. Baada ya muda mfupi hupanda juu na kuning'inia kichwa chini, ncha ya mrija wa mkiani ikigusa uso wa maji. (Wale wanaolala sambamba na uso wa maji bila mrija ni wa mbu aina ya Anopheles, anayeambukiza malaria.) Mweke kwenye tone la maji chini ya hadubini, na utaona mirija miwili ikipita kando ya mgongo hadi kichwani. Ukimmulika kutoka chini mirija huonekana myeusi. Ukizima taa ya chini na kummulika kwa tochi kutoka juu, hung'aa kama fedha. Tofauti hiyo ni ushahidi kwamba ndani mna hewa, kwa kuwa mpaka wa hewa na maji huipindisha na kuirudisha nuru. Kati ya mirija hiyo, moyo mrefu hunywea na kuachia, ukisukuma kimiminika kisicho na rangi. Moyo unafanya kazi kwa bidii, na bado si wenye jukumu kuu la oksijeni.

Buu jekundu halipandi juu. Linaishi ndani ya kijumba cha uzi na tope, likitikisa mwili ili maji yapite juu ya ngozi. Halina tundu la hewa lililo wazi, na maji yanayolifikia yana oksijeni kidogo. Hemoglobini iliyomo katika kimiminika chake huikamata oksijeni hata inapokuwa haba sana, na kuiachia pale tu seli zinapokaribia kuishiwa. Watu hudhani kwamba hiyo ni akiba ya kukaa saa nyingi bila hewa. Akiba yenyewe hudumu dakika chache. Faida kubwa zaidi ni uwezo wa kuendelea kuvuta oksijeni kutoka kwenye maji ambayo mdudu mwingine asingepata kitu.

Wanafunzi wa Kyela na Matema wanaweza kuongezewa mfano wa tatu. Mawingu ya vijidudu yanayopanda juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, ambavyo watu wa sehemu mbalimbali za ziwa hilo huvikusanya na kuvila, ni ya jamii ya Chaoborus. Mabuu yake hushuka vilindini mchana kuwakwepa samaki, kuelekea maji yenye oksijeni kidogo, na ziwa hilo chini ya kina cha mita 250 hivi halina oksijeni kabisa. Hata hivyo mabuu hayo yako angavu kama kioo, bila hemoglobini. Mazingira ya aina moja hayalazimishi jibu moja, na mwanafunzi akilielewa hilo mapema hataanza kutunga kanuni zisizokuwepo.

Hatua ya tatu: panzi na kiwavi

Hatua hii ni fupi. Mweke panzi ndani ya chupa angavu na utazame tumbo lake likipanuka na kusinyaa. Pembeni mwa tumbo, kwa lenzi, mna vitundu vidogo vilivyopangwa safu. Panzi ana jozi kumi, mbili kifuani na nane tumboni. Hewa huingia humo na kufuata mirija inayogawanyika hadi kuwa myembamba kuliko unywele, ikifika karibu na kila msuli. Marcello Malpighi aliieleza mirija ya namna hii kwa nondo wa hariri mwaka 1669, na mwaka 1920 August Krogh alionyesha kwa hesabu kwamba kusambaa kwa oksijeni ndani ya mirija hiyo kunatosheleza mahitaji ya mabuu makubwa yaliyotulia. Panzi anayeruka huongezea kusukuma hewa kwa misuli ya tumbo, na ndiyo ile pumzi uliyoiona chupani.

Kisha chukua kiwavi mwenye ngozi nyepesi kutoka kwenye kabichi. Mgongoni mna mstari unaodunda kutoka nyuma kwenda mbele. Mshipa huo unaishia kichwani na kumwaga kimiminika chake, hemolimfu, moja kwa moja kati ya viungo, kama maji ya mfereji yanavyoachiwa kwenye jaruba yakazunguka mashina na kurudi yenyewe kwenye mkondo. Huu ndio mzunguko wazi. Hemolimfu hubeba chakula, homoni, uchafu na chembe za kinga, na humpa kiwavi ugumu wa mwili; oksijeni hubeba ile kidogo tu iliyoyeyuka.

Hatua ya nne: kiroboto-maji

Mvute kiroboto-maji mmoja kwa bomba la sindano, mweke kwenye tone dogo lenye nyuzi chache za pamba za kumzuia, na umtazame kwa ukuzaji wa mara 40. Moyo uko juu ya utumbo, nyuma ya kichwa, na hupiga kwa kasi kiasi kwamba kuhesabu kwa macho hakuwezekani. Mbinu rahisi ni kugonga kalamu kwenye karatasi, nukta moja kwa kila pigo, kwa sekunde kumi, kisha kuhesabu nukta na kuzidisha mara sita. Simu inayorekodi video kupitia lenzi ya hadubini, ikichezwa polepole, hutoa hesabu ya uhakika zaidi.

Jaribio la pili linahitaji subira ya wiki moja hadi mbili. Gawa viroboto-maji katika vyombo viwili. Kimoja kiwe beseni pana lenye maji machache na wanyama wachache; kingine kiwe chupa yenye shingo nyembamba, iliyojaa hadi karibu na mdomo, yenye wanyama wengi zaidi. Viweke mahali pamoja penye kivuli, na uwape wote chembe kidogo sana za hamira. Katika chupa ambamo oksijeni hupungua, wanyama hutengeneza hemoglobini zaidi na kugeuka rangi ya waridi au nyekundu hafifu, huku wa beseni wakibaki weupe. Wasipogeuka, kwa kawaida maji hayakupungukiwa oksijeni vya kutosha. Na wakifa, chakula kilizidi kikaoza.

Hatua ya tano: damu ya buluu

Kaa wanaokaa chini ya mawe ya vijito vya milimani, konokono wengi wa nchi kavu, na buibui hutumia hemosianini, protini inayoishika oksijeni kwa atomi mbili za shaba badala ya chuma. Ikiwa na oksijeni ni buluu. Isipokuwa nayo haina rangi. Huelea wazi katika hemolimfu, kamwe si ndani ya chembe. Inafanana kwa kazi, lakini ya kaa na buibui ina asili tofauti na ya konokono na pweza. Makundi hayo mawili yaliifikia kila moja kwa njia yake.

Usimjeruhi mnyama kwa ajili ya tone. Mkulima anapowaondoa konokono wakubwa bustanini, au kaa anapopikwa nyumbani, pana nafasi ya kupata hemolimfu. Vaa glavu, kwa kuwa konokono hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Vuta matone machache kwa bomba la sindano, yatie kwenye chupa ndogo angavu pamoja na hewa, yatikise, na uyatazame mbele ya karatasi nyeupe. Buluu itakuwa hafifu, na tabaka jembamba halitaionyesha kabisa.

Hapa pana mtego unaowakamata hata walimu. Hemolimfu ya kaa au ya mdudu ikiachwa hewani huanza kuwa kahawia kisha nyeusi. Weusi huo hautokani na protini ya kubeba oksijeni. Ni kazi ya vimeng'enya vya kinga vinavyotengeneza melanini kwenye jeraha, na ndiyo maana tone la kiwavi, ambaye hana hemosianini, nalo husawijika. Rangi inayotokea mara tu unapotikisa ni ya oksijeni. Ile inayokuja polepole na isiyorudi ni ya kinga.

Kwa buibui hakuna haja ya tone. Miguu yake hunyooshwa kwa msukumo wa hemolimfu, kwa sababu baadhi ya viungo vyake havina misuli ya kunyoosha, hivyo buibui aliyekufa hukutwa amekunja miguu. Mwonyeshe mwanafunzi mmoja aliyekauka dirishani.

Konokono wadogo wa madimbwi, Biomphalaria na Bulinus, wana hemoglobini nyekundu badala ya hemosianini, na wangekuwa mfano mzuri sana. Sishauri wakamatwe na wanafunzi. Ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa sababu hiyo hiyo, uchotaji wa viroboto-maji bwawani ufanywe kwa ndoo yenye kamba, bila mtu kuingia kwenye maji.

Wasiopatikana milimani

Wengine itabidi watajwe tu. Pweza wa Bahari ya Hindi ana hemosianini ndani ya mzunguko uliofungwa, mioyo mitatu, na damu inayobeba takriban mililita 30 hadi 50 za oksijeni kwa lita, wakati ya mtu hubeba karibu 200. Baadhi ya minyoo ya baharini wenye matamvua wana klorokruorini, yenye chuma, ambayo huwa ya kijani ikiwa nyepesi na nyekundu ikikolea. Minyoo wengine wa baharini wana hemeritrini, yenye chuma pia, ya zambarau ikiwa na oksijeni na isiyo na rangi bila hiyo, nayo hukaa ndani ya chembe.

Kuandika matokeo na kuwarudisha wanyama

Jedwali la mwanafunzi liwe na safu tano kwa mpangilio huu: oksijeni inaingilia wapi, inafikaje kwenye misuli, mzunguko ni wazi au umefungwa, protini ipi inaibeba, na rangi. Safu ambayo mwanafunzi hakuiona kwa macho yake aiandike kwa penseli, na ile aliyoiona kwa kalamu ya wino, ili mwalimu anaposahihisha ajue kipi ni uchunguzi na kipi kimetoka kitabuni. Joto la maji liandikwe kando ya kila hesabu ya mapigo, kwa kuwa bila joto hesabu hizo haziwezi kulinganishwa.

Nyungunyungu warudishwe kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, viroboto-maji na kaa katika maji walikotoka. Maji yenye viluwiluwi yasirudishwe pipani. Yamwagwe juu ya ardhi kavu inayopigwa na jua, na pipa lifunikwe.